Msumeno wa meza: namna ya kuufunga, kuupima na kuutumia bila kupoteza vidole

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, ninaanzisha uzi huu kwa ajili ya mafundi seremala wanaotumia msumeno wa meza, na hasa ule unaoundwa na mafundi wetu wa kuchomelea kwa vyuma vya pembe, shafti iliyokerezwa, mota na mkanda. Mashine za aina hiyo utazikuta Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi na katika karibu kila mji wenye karakana za samani. Wapo wanaosema kwamba mashine iliyochomelewa mtaani ni hatari kwa sababu tu haikutoka kiwandani, na kwamba dawa ni kununua ya kutoka nje. Mimi sikubaliani nao. Mashine ya mtaani huwa hatari kwa sababu vitu vitatu huachwa wakati wa kuiunda, navyo ni kisu cha nyuma (bapa la chuma linalosimama nyuma ya bledi), kava la bledi, na swichi ambayo haiiwashi mashine yenyewe pale umeme unaporudi. Vyote vitatu vinaweza kuongezwa kwenye mashine iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi, na gharama yake haizidi uwezo wa karakana ndogo.

Kwanza tuelewane kuhusu namna ajali inavyotokea. Meno ya mbele ya bledi, yaani yale yaliyo upande wako, hushuka kuelekea mezani, kwa hiyo huukandamiza ubao chini na kuutuliza. Meno ya nyuma hupanda juu, kisha huzunguka kuja upande uliosimama wewe. Ubao ukiyagusa meno ya nyuma, ama kwa sababu mpasuo umejifunga na kuibana bledi, ama kwa sababu ubao umepinda ukaiacha reli ya kuongozea (kizuizi kilichonyooka ambacho ubao huegemezwa unapopasuliwa), meno hayo huuinua na kuurusha kuelekea kwako. Chukua bledi ya milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika: ncha za meno yake huenda takriban mita 52 kwa sekunde, sawa na kilomita 188 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuushika ubao uliotupwa kwa kasi hiyo. Tena mara nyingi kidole hakikatwi kwa sababu fundi alikipeleka kwenye bledi. Ubao ulioushikilia mkono ulitoweka ghafla, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukaangukia kwenye meno.

Kazi ya kisu cha nyuma ni kuuzuia mlolongo huo usianze. Ni bapa la chuma linalosimama wima nyuma ya bledi, kwenye mstari mmoja nayo, likiingia ndani ya mpasuo mara tu unapotoka kwenye meno. Mpasuo ukitaka kujifunga, hulibana bapa badala ya kuibana bledi, na ubao hauwezi kuegemea meno ya nyuma kwa sababu bapa limeyaziba. Unene wake ndio jambo la kuzingatia kuliko yote: liwe nene kuliko mwili wa bledi, lakini jembamba kuliko mpasuo unaokatwa na meno. Ikiwa mwili wa bledi ni milimita 2.5 na meno yanakata milimita 3.5, bati la milimita 3 ndilo linalofaa. Likiwa nene kupita mpasuo, ubao utakwama. Likiwa jembamba kuliko mwili wa bledi, halitazuia chochote. Likatwe kwa kufuata mviringo wa bledi, na nafasi kati yake na meno, ikipimwa usawa wa meza, isizidi milimita 8. Kimo chake kiwe chini kidogo ya jino la juu kabisa, ili usilazimike kuling'oa unapochimba mfereji usiotoboa ubao, kwa maana kisu kinachong'olewa kila siku hatimaye hubaki kabatini.

Katika mashine nyingi zilizochomelewa mtaani shafti haipandi wala haishuki. Kinachopandishwa ni meza. Hiyo ni faida, kwa sababu unaweza kukifunga kisu kwenye chuma kile kile kilichobeba beringi za shafti, na umbali wake na bledi ukabaki vilevile siku zote. Matundu ya bolti yawe marefu, ili ukibadilisha bledi kubwa kwa ndogo uweze kukisogeza. Asikuchomelee mtu kisu hicho moja kwa moja kwenye meza, kwani meza ikipanda kitaachana na bledi.

Kuhusu kava, ushauri wangu ni lining'inizwe kutoka juu kwa mkono wa bomba uliosimikwa pembeni ya meza, badala ya kufungwa kwenye kisu. Mbao laini au bati jembamba linatosha, mradi lifunike meno yote yaliyo juu ya ubao na liweze kuinuliwa na kuteremshwa kulingana na unene wa kazi. Sehemu ya bledi iliyo chini ya meza nayo izibwe pande zote, pamoja na puli na mkanda, kwa sababu mtu anayeinama kuondoa pumba chini ya mashine haoni kinachozunguka.

Sasa swichi. Karakana nyingi hutumia swichi ya kawaida ya ukutani au ile ya wenzo iitwayo swichi ya kisu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi hiyo hubaki imewashwa. Fundi husubiri, kisha huanza kuutoa ubao uliokwama kwenye bledi kwa mikono, na hapo umeme hurudi. Dawa yake ni stata, yaani kifaa cha kuwashia mota, yenye kontakta (swichi inayoshikiliwa na nguvu ya umeme wenyewe) na yenye kitufe cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia: umeme ukikatika, kontakta huachia, na mashine haiwezi kuwaka tena mpaka mtu abonyeze kijani. Stata hiyo huja pia na kinga ya mota dhidi ya kuzidiwa na mzigo. Kitufe chekundu kiwekwe mahali ambapo paja au goti linaweza kukifikia, kwa sababu siku ya hatari mikono yote miwili itakuwa kwenye ubao. Fremu yote ya chuma iungwe waya wa ethi. Hili fundi umeme aliyesomea alifanye na alipime.

Nitaendelea na upimaji katika chapisho linalofuata.

Mleta mada

Upimaji. Zima mashine kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe tu, kisha weka alama ya chaki kwenye jino moja. Lizungushe jino hilo hadi mbele, upime umbali wake mpaka kwenye mfereji wa meza, yaani ule ulionyooka uliochongwa juu ya meza kando ya bledi, kwa skwea ya seremala. Lizungushe hadi nyuma, upime tena kwa jino lile lile. Vipimo viwe sawa. Ukitumia meno mawili tofauti utakuwa unapima upotovu wa bledi, si mwelekeo wa shafti. Ikiwa kuna tofauti, legeza bolti za beringi na uzirekebishe mpaka iishe. Baada ya hapo reli ya kuongozea ipimwe dhidi ya mfereji huo huo. Reli iwe sambamba na bledi, au iachane nayo kidogo sana upande wa nyuma. Isiwe kamwe karibu zaidi upande wa nyuma kuliko mbele, kwani hapo utakuwa unausukuma ubao uingie kwenye mtego.

Bledi yenyewe isiwe na ufa, jino lililong'oka wala kutu kwenye sehemu inayokaliwa na flanji, yaani visahani viwili vinavyoibana bledi kwenye shafti. Flanji mbili ziwe na kipenyo sawa na ziwe safi. Tundu la katikati la bledi likiwa kubwa kuliko shafti, tumia ringi ya kupunguzia iliyotengenezwa kwa kipimo. Likiwa dogo, usilipanue kwa tupa, kwa sababu halitabaki katikati na bledi itayumba. Angalia pia uzi wa nati: nati inapaswa kukazwa kwa kuizungusha kinyume na mwelekeo wa bledi, ili mwanzo wa mzunguko uikaze badala ya kuilegeza. Nimeona shafti zilizokerezwa uzi wa upande usiofaa, na dawa yake pekee ni kuirudisha kwa mkerezaji. Kwa wenye umeme wa fezi tatu, kila mara mota inapofunguliwa na kuungwa upya, washeni kwanza bila bledi na kuangalia mwelekeo, kwani fezi mbili zikibadilishana mahali mota huzunguka kinyume.

Idadi ya meno ifuate kazi. Kupasua kwa urefu wa nyuzi kunataka meno machache, kama 24 kwa bledi ya milimita 250, ili pumba zipate nafasi ya kutoka; kukata kwa kukingama na kukata plaiwudi kunataka 60 au zaidi. Bledi ya meno mengi ikipasua ubao mnene wa mninga huunguza, fundi huongeza nguvu ya kusukuma, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayomwangusha mbele pale ubao unapoachia.

Mchangiaji, Mafinga

Mkuu, shukrani kwa somo hili. Huku kwetu tunapasua paini ya Sao Hill, na mara nyingine mikaratusi, ambayo imeshuka kutoka msituni ndani ya wiki hiyo hiyo. Mpasuo hujifunga hata kabla ubao haujafika nusu. Je, kisu cha nyuma peke yake kinatosha?

Mleta mada

Hakitoshi, Mkuu, na swali lako linagusa jambo ambalo wengi hulipita. Mbao mbichi huwa na mvutano ndani yake, na mkaratusi umezidi, kwa sababu mti huo hukua ukiwa na mkazo mkubwa kati ya nje na kiini. Msumeno unapoutenganisha, kila upande hupinda ulivyotaka kupinda tangu zamani. Mara nyingine pande mbili hufunga mpasuo, na mara nyingine hufunguka, kipande cha upande wa reli kikajisukuma kwenye reli na kurudi kwenye bledi. Kwa hali hii ya pili kisu hakina msaada mkubwa. Kinachosaidia ni reli fupi: funga kwenye reli yako kipande cha ubao ulionyooka kinachoishia mara tu baada ya meno ya mbele, karibu na katikati ya bledi. Ubao ukishakatwa unapata nafasi ya kupinda upendavyo bila kugandamizwa. Reli ndefu inayopita bledi yote inafaa kwa plaiwudi na mbao za viwandani ambazo hazina mvutano.

Jambo la pili, nyoosha ukingo mmoja kwa randa kabla ya kuuegemeza kwenye reli. Ubao uliopinda kama upinde hauna njia ya kupita salama, hata mashine iwe nzuri namna gani. Ukiona mpasuo unaanza kujifunga, usirudishe ubao nyuma wakati bledi inazunguka. Zima, subiri isimame kabisa, ingiza kabari kwenye mpasuo, ndipo uendelee.

Mchangiaji, Mwanza

Ninathibitisha alichosema mleta mada kuhusu swichi. Katika karakana moja niliyowahi kufanya kazi, umeme ulikatika mchana, kijana akaacha ubao kwenye mashine akaenda kula. Uliporudi, mashine iliwaka bila mtu, ubao ukaruka na kutoboa ukuta wa mabati. Hakukuwa na mtu mbele yake. Stata ilinunuliwa wiki hiyo hiyo. Ningependa kuuliza kuhusu kasi: tunaruhusiwa kubadilisha puli ili bledi izunguke haraka zaidi?

Mleta mada

Pole kwa tukio hilo, na ninashukuru kwamba hakuna aliyeumia. Kuhusu puli, hesabu ni rahisi na kila fundi aifanye kabla ya kufunga bledi mpya. Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawa kwa kipenyo cha puli ya shafti. Mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya inchi 8, ikivuta shafti yenye puli ya inchi 4, inaizungusha bledi mara 2,880 kwa dakika. Ukiweka puli ya inchi 3 kwenye shafti, kasi inaruka hadi 3,840. Kila bledi iliyotengenezwa vizuri imechapishwa ubavuni kasi ya juu inayoruhusiwa, na kasi hiyo haivukwi hata kwa dakika moja, kwa sababu nguvu inayoyavuta meno yatoke nje huongezeka kwa mraba wa kasi. Bledi isiyo na maandishi hayo siinunui. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kufunga bledi ndogo kwenye mashine kubwa. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka bledi ndogo kabisa isipungue asilimia 60 ya kipenyo cha bledi kubwa ambayo mashine iliundwa kuibeba, kwa maana ncha za meno zikienda polepole mno ukataji huwa mbaya na fundi hulazimika kusukuma kwa nguvu.

Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma kwamba Marekani kuna msumeno unaosimama wenyewe ukigusa kidole. Je, si suluhisho la yote haya?

Mleta mada

Upo, na ni uvumbuzi wa kuheshimiwa. Steve Gass aliubuni mwaka 1999, na kampuni ya SawStop ikaanza kuuza mashine zake katikati ya miaka ya 2000. Bledi hupitishiwa mkondo mdogo wa umeme. Mwili wa binadamu ukiigusa, mkondo hubadilika, na kipande cha alumini hurushwa kwenye meno na kuisimamisha ndani ya takriban milisekunde 5. Breki hiyo hutumika mara moja tu, na kwa kawaida bledi huharibika nayo. Isitoshe, ubao uliolowa sana unaweza kuidanganya, kwa hiyo hutakiwa kuzimwa unapokata mbao za namna hiyo, ambazo ndizo tunazozipasua sisi kila siku. Tena breki hiyo haizuii ubao kurushwa. Hata mwenye mashine hiyo anahitaji kisu cha nyuma, na kwa hakika huja nacho.

Mchangiaji, Zanzibar

Naomba ufafanuzi kuhusu glovu na barakoa. Vijana wangu wananiomba glovu.

Mleta mada

Glovu wasivae wanapokuwa kwenye mashine inayozunguka. Jino likishika uzi wa glovu huuvuta mkono wote, ilhali bila glovu pengine lingekwangua ngozi tu. Wavae glovu wanapopanga na kubeba mbao. Vivyo hivyo mikono mirefu iliyolegea, mtandio, pete na kamba za shingoni viondolewe, na ndala zibadilishwe kwa viatu vilivyofungwa. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio ni lazima. Barakoa nayo isidharauliwe: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yake. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi laini. Tafuta ya daraja la FFP2 au N95, na ufagiaji mkavu unaorusha vumbi hewani ubadilishwe kwa kunyonya vumbi kwa mashine au kulowesha sakafu kidogo.

Mchangiaji, Morogoro

Mimi ni mmiliki wa karakana. Tunapasua mbao za futi 12, mmoja anasukuma na mwingine anapokea nyuma. Je, utaratibu huo una hatari? Na sheria inanitaka nini?

Mleta mada

Una hatari iwapo anayepokea anavuta. Anayevuta huupindisha ubao bila kujua, na akiinamia mezani kuufuata mkono wake hufika nyuma ya bledi. Refusha meza upande wa nyuma mpaka kuwe na angalau milimita 1,200 kutoka shafti hadi ukingo, naye asimame mwisho wa meza hiyo. Kazi yake ni kuubeba uzito na kuufuata mwendo wa anayesukuma. Mkubaliane pia neno moja la kusimamisha, na yeyote anayelisema asikilizwe. Anayesukuma asimame pembeni ya mstari wa bledi, si nyuma yake.

Sentimita 30 za mwisho za ubao zisukumwe kwa kijiti chenye urefu wa angalau milimita 450, kilichochongwa pengo la kuushika ukingo wa ubao, na kijiti kiningʼinizwe kwenye mashine yenyewe ili kisitafutwe. Vipande vilivyokatwa vikibaki karibu na bledi viachwe mpaka bledi isimame. Kuna mazoea ya kuisimamisha bledi kwa kuibana na kipande cha ubao baada ya kuzima. Yapigeni marufuku, kwa sababu hupindisha bledi na huuvuta mkono.

Kuhusu sheria, Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na sehemu ya kazi kama yako inapaswa kusajiliwa huko. Mashine zenye sehemu zinazozunguka zinatakiwa kuwa na kinga, ziwe zimetoka kiwandani au zimechomelewa mtaani. Waajiriwa wako pia wanapaswa kuwa ndani ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wenzetu wa Kenya wana sheria zao mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia.

Mchangiaji, Tanga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tunatengeneza fremu za picha kwa mtiki, vipande vya upana wa sentimita 2. Kava na kijiti havipiti kati ya bledi na reli. Tufanyeje?

Mleta mada

Geuza mpango. Usikiweke kipande chembamba kati ya reli na bledi; weka ubao mpana upande wa reli, na kile chembamba kidondoke upande wa nje. Ili vipande vyote vilingane, funga kizuizi kidogo upande wa nje, mbele ya bledi na si usawa wake, kwa umbali wa sentimita 2 kutoka kwenye jino. Kila mara legeza reli, usogeze ubao mpaka uguse kizuizi, kaza reli, pasua. Kazi huenda polepole kidogo, lakini mkono wako hukaa kwenye ubao mpana wakati wote. Ubao wenyewe ukishakuwa mwembamba kiasi kwamba mkono unakaribia kava, acha msumeno wa meza, na kipande kilichobaki ukipasue kwa msumeno wa mkono.